Vigingi Vilivyotembea

Fundi cherehani hakuwa mtu wa kukaa akatulia. Hata mashine ikipumzika, mguu wake uliendelea kukanyaga hewa. Mume wake, ambaye kazi yake ilikuwa kupaka rangi nyumba, alisema mguu ule unaweza kushona peke yake.

Lakini wiki ile mambo yalizidi. Asubuhi Fundi alishona mfuko wa suruali ya shule, akaufunga juu na chini. Akafumua. Mchana akapachika mkono wa kushoto upande wa kulia. Akafumua tena, huku akiisema sindano kana kwamba ndiyo yenye makosa.

"Mwanangu, una nini?" aliuliza mama mkwe wake.

"Sina kitu, Mama."

"Mtu asiye na kitu hafumui nguo mbili kwa siku moja."

Fundi alielekeza kidole barabarani. Mbele ya ngazi yake palikuwa na kigingi cha mti kilichopakwa rangi nyekundu.

Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Mbele ya duka palikuwa na kibaraza chenye paa la bati. Hapo ndipo alipoweka cherehani, kwa sababu palikuwa na mwanga na upepo. Kutoka hapo aliwaona wapita njia wote, nao walimwona. Mtu alikuwa akipita na zipu iliyokufa, anasimama, anatengenezewa. Kazi ile ndiyo iliyowalisha.

Sasa watu wa ofisi ya mji walikuja wakapima barabara kuu ya mtaa. Walipiga vigingi pande zote mbili. Habari ikaenea kwamba barabara itatengenezwa, na mtaro mkubwa wa maji ya mvua utachimbwa upande mmoja kufuata vigingi vile, ila haikujulikana upande upi. Mtaro wenyewe ungekuwa wazi, wa kina cha kumfika mtu kiunoni.

"Mteja atafikaje mlangoni?" Fundi alimwuliza mume wake jioni ile. "Mjamzito ataruka? Bibi harusi ataruka na gauni lake?"

"Wakubwa wakishaamua wameamua," mume akajibu. "Maji yakimwagika hayazoleki."

"Hayajamwagika. Hata mtaro wenyewe haujachimbwa."

Mume alicheka kidogo, akaenda kuoga. Fundi hakucheka. Alizunguka chumbani, akakunja nguo zilizokwisha kukunjwa.

Alfajiri alitoka na ufagio. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Kisha akainama, akang'oa kigingi, akakipiga upya hatua moja mbele, ndani ya barabara. Akafagia alama. Alijiambia kwamba hatua moja haimdhuru mtu.

Hakupata raha. Kila gari lilipopita polepole, moyo ulimruka. Tena aliona kitu cha ajabu. Ng'ambo ya barabara, kigingi cha mbele ya duka la Kinyozi kilionekana kimesogea pia. Na upande wake mwenyewe, cha mwuza misumari na cha mwenye mgahawa pia. Fundi alifikiri labda ni macho yake.

Siku chache baadaye mpima ardhi alirudi. Alikuwa mwanamke mwenye buti nzito na kofia pana. Alisimamisha chombo chake cha miguu mitatu, akachungulia. Akafuta kioo, akachungulia tena. Kisha akawaita watu waliokuwa karibu.

"Nani amehamisha vigingi?"

Kila mtu alitazama viatu vyake.

"Upande huu vimeingia barabarani," Mpimaji alisema. "Upande ule navyo vimeingia barabarani. Tukichimba hivi, barabara yenu itatosha mkokoteni mmoja, tena mtupu."

Kinyozi ndiye aliyeanza kucheka. Alijaribu kukohoa akashindwa. Wengine wakafuata, na Fundi naye akajikuta anacheka huku masikio yanamwaka kwa aibu. Kumbe mtaa mzima ulikuwa umeamka alfajiri na mafagio.

"Chekeni," Mpimaji alisema, "lakini jueni kwamba kuhamisha kigingi cha upimaji ni kosa. Mtu anaweza kushtakiwa. Na haisaidii, maana vipimo viko ofisini. Leo hii navirudisha vyote mahali pake."

"Sasa tufanye nini?" Fundi aliuliza. Hasira ilimpanda kuliko aibu. "Tukae kimya, milango yetu izibwe?"

"Mmeiona ramani iliyobandikwa kwenye ofisi ya mji?"

"Ramani gani?"

Mpimaji alivua kofia, akajipepea. "Ile barabara haijaamuliwa yote. Ramani ile ni rasimu, yaani mpango wa kwanza. Imebandikwa ili wakazi waseme wanachotaka na wasichotaka. Maoni yanapokelewa hadi mwisho wa mwezi. Baadaye mpango unapitishwa, na kuubadilisha ni kazi kubwa."

"Mimi nilikwenda," Kinyozi alisema. "Nikawaambia mtaro upite upande wa Fundi."

"Mimi niliwaambia upite upande wa Kinyozi," mwuza misumari akasema kutoka nyuma.

"Ndiyo tabu yenyewe," Mpimaji alisema. "Mmoja anavuta huku, mwingine anavuta kule. Ofisi itamsikiliza nani? Mna chama cha wakazi?"

Watu walitazamana. "Tunacho," Fundi alijibu. "Cha kuzikana."

Ilikuwa kweli. Chama kilichanga sanda na jeneza, kikapika, kikalia, kisha kila mtu akarudi kwake mpaka msiba mwingine. Mama mkwe, aliyekuwa ameegemea nguzo ya kibaraza, akasafisha koo.

"Basi na mtaa ukiugua tukutane," alisema. "Tusisubiri mpaka ufe."

Mwenyekiti wa chama alikuwa nesi mstaafu. Wote waliendelea kumwita Nesi. Aliitisha mkutano katika darasa la shule ya jirani. Watu wazima walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakifika kifuani.

Mkutano ulianza vibaya. Kinyozi alisema upande wa Fundi umeinuka na maji hutiririka kutoka huko, kwa hiyo mtaro ni wao. Fundi alisimama.

"Upande wangu ndio jalala? Maji ya mtaa mzima yaje kwangu?"

"Mimi nasema ukweli tu, dada."

"Ukweli wako unaishia kwenye kizingiti chako."

Nusu ya darasa ikampigia makofi Fundi, nusu ikazomea. Nesi aligonga meza kwa funguo.

"Mgonjwa hapewi dawa kabla hajapimwa," alisema. "Kesho jioni tutaitembea barabara yote, tangu zahanati mpaka sokoni. Na nina sharti. Hakuna atakayesemea mlango wake. Kila mtu atasemea mlango wa mwenzake wa ng'ambo. Fundi, wewe utasema shida za Kinyozi. Kinyozi, utasema za Fundi."

"Mimi nimsemee huyu?" Fundi aliuliza.

"Huyo huyo."

Fundi alirudi nyumbani amenuna. Alimwambia mume wake kwamba heri aende kusemea mbuzi. Mume alisema mbuzi hana kinyozi, wala kinyozi hana mbuzi, na maneno hayo hayakumsaidia mtu.

Kesho yake walitembea. Mpimaji alikuja pia na nakala ya ramani, akaieleza kwa lugha nyepesi. Walipofika kwa Kinyozi, Fundi aliingia ndani. Kwa miaka yote ile hakuwahi kuvuka kizingiti kile. Ukutani aliona mstari wa matope, umefika usawa wa goti lake. Viti vyote viliwekwa juu ya matofali. Mlangoni palikuwa na magunia ya mchanga.

"Maji hufika hapa?" aliuliza.

"Kila mvua kubwa," Kinyozi alijibu. "Huwa nanyoa watu wamekunja suruali."

Fundi aligusa ule mstari wa matope. Mvua zile zile yeye huketi kibarazani, akiyaona maji yanakimbilia ng'ambo, akashukuru Mungu. Sasa aliona vibaya moyoni.

"Andika," alimwambia Nesi. "Huyu hawezi kukosa mtaro. Na sisi pia hatuwezi kumsukumia maji yetu. Mitaro iwe pande zote mbili."

Kisha wakavuka kwenda kwa Fundi. Kinyozi alisimama mbele ya ngazi, akakuna kidevu.

"Mtaro ukiwa wazi hapa, huyu amekwisha," alisema. "Na sisi je? Watoto wetu watavaa nini shuleni? Mama yake naye anatembea kwa mkongojo. Mtaro ufunikwe."

"Inawezekana kuufunika?" Nesi alimwuliza Mpimaji.

"Inawezekana. Unawekwa mifuniko ya zege, watu wanatembea juu yake. Lakini ombeni kwa maandishi na mtoe sababu." Mpimaji alisita, akatazama paa la bati. "Tena lipo jambo jingine. Ili watu wapite juu ya mifuniko, njia iwe wazi. Kibaraza hiki kimetokeza. Kipo juu ya ardhi ya barabara."

Watu wote walimgeukia Fundi.

Alishika nguzo ya kibaraza. Kibaraza kile alikijenga kwa malipo yake ya kwanza ya sare za shule. Mtoto wake mkubwa alijifunza kusimama kwa kushika nguzo ile. Angeweza kukataa. Lakini alijua akikataa yeye, mwenye mgahawa atakataa, na mwuza misumari atakataa, na maoni yao yatakwenda ofisini yamepinda kama vile vigingi.

"Mlango utabaki?" aliuliza.

"Mlango utabaki," Mpimaji alijibu. "Na ngazi tutaiwekea mteremko, hata kiti cha magurudumu kipite."

"Basi kitoke," Fundi alisema. Roho ilimuuma, akaingia ndani upesi watu wasimwone uso.

Chama kilikutana tena. Safari hii makelele yalikuwa machache. Walikubaliana mambo ya kuomba: mitaro pande zote na mifuniko yake, mteremko kwenye milango, mahali pa kuvukia watoto karibu na shule, na taa. Nesi aliandika maoni, akayasoma kwa sauti ili hata asiyejua kusoma asikie. Wakazi waliweka saini, na wasiojua kuandika waliweka dole gumba. Walichaguliwa watatu wa kuyapeleka: Nesi, Kinyozi na Fundi. Ofisini Fundi hakukubali kuondoka mpaka nakala yao ipigwe muhuri wa kupokelewa.

"Mama, sisi hatupotezi barua," karani alisema.

"Najua, mwanangu. Lakini mimi napoteza usingizi."

Karani akapiga muhuri.

Wiki zikapita bila jibu. Fundi alikwenda kuuliza. Akaambiwa arudi, akarudi. Kinyozi alikwenda naye mara nyingine, wakagombana njia nzima juu ya nani anatembea taratibu. Mwishowe mji uliitisha kikao cha wananchi. Msemaji wa mtaa alikuwa mmoja tu, Nesi, na wengine waliponyoosha mikono walisema, "Tunaunga mkono." Mitaro ilikubaliwa pande zote, pamoja na mifuniko. Mteremko wa milangoni na mahali pa kuvukia vilikubaliwa. Taa zilikataliwa kwa sasa, na chama kikapanga kuziomba tena mwaka unaofuata.

Ujenzi ulileta vumbi na kelele. Siku kibaraza kilipobomolewa, mume wa Fundi mwenyewe ndiye aliyeshika nyundo. Mke wake hakutoka nje. Alihamishia cherehani karibu na dirisha, akalalamika kwamba haoni vizuri. Mume alipaka kuta rangi nyeupe ili mwanga uzidi. Bado alilalamika.

Kisha mvua kubwa ya kwanza ikaja. Fundi alishindwa kushona. Alifungua mlango akasimama. Chini ya mifuniko maji yalikuwa yananguruma, yanakwenda zake. Ng'ambo, Kinyozi alikuwa ameketi kwenye kiti chake mwenyewe, miguu chini, sakafu kavu, akisoma gazeti kwa madaha.

Mahali palipokuwa na kibaraza, wanafunzi walipita wakikimbia. Alipita mwanamume anayesukuma mkewe kwenye kiti cha magurudumu, wote wawili chini ya mwavuli mmoja. Mama mkwe naye alipita, akitoka zahanati, peke yake, bila kushikwa mkono na mtu. Pale alipokuwa akikaa yeye na cherehani yake, sasa mtaa mzima ulikuwa unapita.

Mwanamume yule alisimama, akageuza kiti, akakipandisha mteremkoni.

"Hodi, Fundi," mkewe alisema. "Miaka mingi naliona duka lako, leo ndiyo nimelifikia. Nataka gauni."

"Karibu ndani," Fundi alisema, akavuta futi yake shingoni, akaanza kumpima mabega.