Mashuka Yasiyochemshwa

Kigari cha mashuka machafu kilikata kona kwa kasi, na trei ya sahani za maabara ikaruka hewani. Korido ya hospitali ilikuwa imefurika watu wa asubuhi: wagonjwa na kadi zao, wauguzi mbiombio, walinzi wakimfokea kila mtu. Wote waligeuka kutazama sahani zikipasuka sakafuni.

"Macho yako umeyaacha kwenye pasi?" alifoka mwanamke mwenye trei.

"Na wewe masikio umemwazima nani? Napiga kelele za 'njia, njia' tangu kule mwanzo!"

Mwenye kigari alikuwa dobi wa hospitali, kijana mrefu aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka ukosi ungeweza kukata mkate. Hasira zake zilijulikana wodi zote, ndiyo maana walimwita Povu. Mwanamke alikuwa mtafiti wa bakteria. Alikuwa mfupi, nywele amezibana kwa mpira aliokata kwenye glovu, na koti lake la maabara lilikuwa na doa la damu kifuani, la kahawia, pana kama kiganja.

"Usisogee!" alisema. "Hapo umezungukwa na usaha wa wagonjwa. Unataka kurudi kwenu na vidudu kwenye soli?"

Povu akabaki na mguu mmoja juu kama kuku. Watu wakaangua kicheko. Hapo ndipo alipomchukia. Hapo pia ndipo alipoyaona macho yake vizuri, lakini hilo hakuwa tayari kulikubali.

"Mtu anayetembea na damu kifuani asinifundishe usafi," alisema huku akiyumba. "Lete hilo koti. Utalipata jipya."

"Likirudi na doa?"

"Mimi si dobi wa kubahatisha, mama."

Lilirudi na doa. Povu alikuwa amelichemsha, akalisugua, akalichemsha tena, na damu ikashika kana kwamba imechorwa. Mtafiti alilikunjua mlangoni mwa maabara, akacheka mpaka akaegemea ukuta.

"Umelipika, kaka! Damu ni kama yai. Ukiipiga moto inagandia humohumo."

"Usiniite kaka."

"Basi Bwana Mpishi."

Aliingia ndani, akatoka na kopo la unga wa kijivu. "Kazi yangu ina pande mbili," alimweleza. "Upande mmoja nasoma bakteria wanaoharibu vidonda, hasa wale sugu, wanaokula dawa na kuomba waongezewe. Upande wa pili nafuga bakteria wasio na madhara wanaotoa vimeng'enya, vitu vinavyokatakata damu na mafuta kwenye nguo. Viwanda vya sabuni vinavitafuta kwa tochi. Unga huu bado ni jaribio, haujaruhusiwa kutoka hapa, kwa hiyo funga mdomo."

"Loweka kwenye maji ya uvuguvugu," alisema. "Usichemshe. Ukichemsha unakiua kimeng'enya."

Doa likatoka. Povu alilitazama koti lile jeupe pe, akanuna mchana kutwa, kisha akapiga simu maabara.

"Nani mwenzangu?"

"Adui yako wa korido."

"Nina maadui wengi. Taja kosa."

"Kosa ni lako. Umenidharau ndani ya fani yangu. Sasa nauliza, huwa unakula mchana?"

"Hivyo ndivyo unavyotongoza?"

"Hivyo ndivyo ninavyogombana. Njoo ule, tugombane vizuri."

Mtafiti alikwenda. Walikula, wakagombana, wakapendana bila kuacha kugombana. Povu alimwita "Bibi Vidudu wangu", naye akamwita "Povu la moyo". Mama yake Povu, aliyekuwa akikunja mashuka pale dobini, duka la familia la kufulia, aliwasikiliza wakibishana juu ya chumvi akatikisa kichwa.

"Mwanangu, huyu anakuweza."

"Mama, hakuna anayeniweza."

"Ndiyo hivyo. Anakuweza."

Mtafiti alizoea kuja na makopo ya unga, zawadi ya siri, na Povu hakuwa mtu wa kupenda nusunusu. Alitaka kumwonyesha. Mashuka ya wodi ya upasuaji, yale yenye damu nyingi kuliko yote, aliyaloweka kwenye unga wake kwa maji ya uvuguvugu, kisha akazima boila ya kuchemshia nguo. Yalitoka meupe kuliko theluji ya kwenye kalenda. Metroni, muuguzi mkuu, alimsifu mbele ya watu. Povu akatembea kifua mbele, akisubiri siku nzuri ya kumwambia mpenzi wake.

Siku hiyo haikufika. Wodini, vidonda vya akina mama waliojifungua kwa upasuaji vilianza kutoa usaha. Dawa ya kwanza ikashindwa, ya pili ikashindwa. Mmoja wao homa ilimpanda mpaka akawa hamtambui mtoto wake. Mtafiti alipita na pamba zake za sampuli kila mahali: mabomba, vitanda, viganja vya madaktari. Mwisho akachukua shuka safi lililokunjwa, linalonukia, akalipapasa kwa pamba. Alipofungua sahani zake, bakteria sugu walewale wa vidondani walikuwa wameota kama ukungu kwenye mkate.

Aliingia dobini mchana kweupe, koti likipepea, bila salamu.

"Boila imezimwa tangu lini?"

Povu alikuwa akitabasamu. Tabasamu likakauka. "Unauliza kama nani? Kama mpenzi au kama askari?"

"Kama mtu aliyetoka kumwona mwanamke anakufa! Shuka zako zina vidudu, Povu. Zinanukia vizuri, na zimejaa vidudu! Hospitali imezikataa kuanzia leo."

"Nimezifua kwa unga wako."

"Nini?"

"Kwa unga wako! Ulisimama mlangoni ukasema usichemshe, ukichemsha unaua. Nimekutii. Mimi, ambaye simtii mtu!"

"Nilikuwa nazungumzia koti! Loweka kwanza, doa litoke, halafu chemsha uue vidudu. Mtoto mdogo anajua!"

"Hiyo 'halafu' ulimwambia nani? Maana mimi hukuniambia."

Mtafiti kweli hakuwa amesema. Kwake kuchemsha shuka la hospitali lilikuwa jambo lisilohitaji kusemwa, kama kumkumbusha mtu apumue. Aibu ikampanda, na kwa kuwa hakuwa na mahali pa kuiweka, akaigeuza matusi.

"Dobi gani anahitaji kuambiwa achemshe?"

"Na msomi gani anagawa unga wa majaribio kama peremende? Toka. Toka kabla sijakuosha!"

"Naondoka. Na usinipigie."

"Simu yangu haina salio la kupoteza."

Mama alikunja shuka lilelile mara mbili bila kujua. Duka lile la kufulia lilikuwa jasho la marehemu mumewe, na kazi ya hospitali ndiyo iliyokuwa ikililisha. Mkutano ukaitishwa kuamua kama Povu atafukuzwa moja kwa moja.

Asubuhi ya mkutano, mkuu wa maabara alimvuta mtafiti pembeni. "Habari za unga wako hazihusiki hapa. Ukizitaja, utafiti wako unafungwa. Soma majibu ya sahani, ukae."

Akasoma majibu, akakaa. Mgonjwa mahututi, alieleza, ameitikia dawa moja ya zamani ambayo bakteria wale hawajaizoea; homa imeshuka. Mkurugenzi wa hospitali akamgeukia Povu.

"Bwana dobi, nani alikuruhusu kuzima boila?"

Povu alisimama. Ukosi wake ulikuwa umenyooka kama siku zote. Hakumtazama mtafiti hata kidogo.

"Hakuna. Kiburi changu. Nilitaka mashuka yang'ae."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Kiti kikasukumwa nyuma kwa kishindo. "Muongo!" Mtafiti alikuwa amesimama. "Nani amekuomba unifunike? Mimi ni mgonjwa? Unga ni wangu. Nilimpa kinyume na kanuni, nikamweleza nusu. Nusu ya pili wameilipia wale akina mama. Andikeni jina langu kwanza."

Mkuu wa maabara alifumba macho.

Hukumu ikatoka. Utafiti wa vimeng'enya ulisimamishwa. Povu hakufukuzwa, lakini hatarudisha shuka hata moja wodini mpaka mashuka yake yapimwe na kukutwa safi.

Nje, kwenye ngazi, Povu alimfuata akihema.

"Umeniharibia! Kwa mara ya kwanza maishani nafanya jambo la kiume, unaniita muongo mbele ya mkurugenzi!"

"Si ulikuwa muongo?"

"Nilikuwa nakupenda!"

"Basi nipende bila kunidharau! Kosa langu ni langu, halifuliwi na mtu!"

Watu walipunguza mwendo kuwatazama. Povu alifuta uso kwa kitambaa. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa imeshuka.

"Boila nimeiwasha tangu juzi. Shuka za kupimwa ziko tayari. Njoo na pamba zako, umalize kazi."

"Siji."

"Huji? Mama yangu anasubiri majibu hayo ndio tule, wewe unaleta kisirani?"

"Atakuja mwenzangu. Mimi nimekataa, nimeshawaambia."

"Kwa nini? Unaogopa moto wa boila au unaniogopa mimi?"

Mtafiti aliufungua mpira wa glovu nywelani, akaufunga upya, ingawa ulikuwa haujalegea.

"Kwa sababu haikubaliki mtu kupima kazi ya mume wake."

Povu akatazama kushoto, akatazama kulia, kana kwamba mume huyo yuko mahali fulani kwenye ngazi.

"Mume wake nani?"

"Usinipandishie sauti."

"Sijapandisha! Nauliza tu. Na kama shuka zikikutwa chafu?"

"Utachemsha tena," alisema, akaanza kushuka ngazi. "Ndoa iko palepale."