Polepole Kona ya Pili

"Hivi wewe Noreen, utaendelea mpaka lini kwenda kumtazama marehemu mumeo akikanyagwa na pikipiki?"

Bi. Avis Tugwell aliuliza swali hilo juu ya uzio wa nyuma ya nyumba, vibanio vya nguo vikiwa mkononi. Hakuuliza kwa ubaya. Jirani wa miaka mingi huuliza yale ambayo ndugu hathubutu. Noreen Stallard alikuwa anafunga vifungo vya koti lake jekundu, lile lililojaa beji za Vipanga wa Ellershaw, timu ya mbio za pikipiki ya mji wao, kuanzia kola mpaka mfukoni. Chupa ya chai alikuwa ameibana kwapani.

"Mpaka mmoja wetu achoke, Avis," alijibu. "Na Ivor hajawahi kuchoka mbio."

Kweli hakuwahi. Ivor Stallard, Mungu amrehemu, alianza kwenda uwanjani angali mtoto, amekaa mabegani mwa baba yake, enzi zile treni maalumu zilipoleta washabiki na kiwanda cha sufu kilipofunga mapema ili watu wawahi kupata pa kusimama. Alipofariki, majivu yake yalimwagwa kwenye kona ya pili, kama alivyoomba, na kama walivyoomba wengine kabla yake. Noreen aliyamwaga kwa mkono wake, mchungaji akasoma zaburi, mtunza uwanja akapitisha reki, na Alhamisi iliyofuata pikipiki zikapita juu. Hakuna aliyeona ajabu. Pikipiki zenyewe hazina breki. Mwendeshaji huingia konani ameilaza yake, mguu wa kushoto wenye kiatu cha chuma ukiburura, na changarawe nyekundu inaruka mpaka kwa watu. Noreen alisimama hapo hapo penye kona, na changarawe ilipomrukia usoni hakuwa na haraka ya kujifuta.

Jioni hiyo uwanja ulikuwa umechangamka, maana wageni walikuwa Marwick, mahasimu wa tangu zamani. Hewa ilinuka chipsi za siki na mafuta ya mbarika yaliyoungua katika injini. Noreen alipenya katikati ya wazee wenye viti vya kukunja, akafika uzioni. Trekta lilikuwa linakwangua kona ya pili, tena kwa nguvu, na aliyelipanda alikuwa mtu mgeni.

"Polepole hapo!" alipiga kelele. "Mume wangu yumo!"

Trekta likasimama ghafla. Yule mwanamume aliruka chini, akachechemea mbio, akapiga magoti na kuchungulia chini ya magurudumu. Uso ulikuwa umempauka kama chaki.

"Yuko wapi? Bibie, yuko wapi? Simwoni!"

"Huwezi kumwona. Umemkalia."

Watu wakaangua kicheko. Mmoja akapaza sauti, "Mngoje Ivor atoke mwenyewe, bwana, leo hana haraka!" Yule mwanamume aliitazama changarawe, akamtazama Noreen na beji zake, kisha akaelewa. Alivua kofia yake ya kitambaa.

"Niwie radhi, bibie," alisema. Halafu akaiinamia ardhi. "Na wewe pia, bwana."

Noreen alikuwa amejiandaa kugomba. Akamuuliza jina badala yake.

Jina lake lilikuwa Lyndon Peake. Ujana wake alipanda pikipiki za timu tatu, na goti lake la kushoto lilibaki kwenye uzio wa timu ya tatu. Aliwahi kuoa. Mkewe alimwambia achague, yeye au pikipiki, naye akachelewa kujibu. Sasa alikuwa mtunza uwanja mpya wa Ellershaw. Kuanzia jioni ile, kila trekta lake lilipopita kona ya pili, alivua kofia. Hakumtazama Noreen kuona kama ameona. Noreen aliona kila mara.

Alianza yeye kumpelekea chai. Halafu Lyndon akaomba namba ya simu, akidai ni ya kikazi.

"Haloo, Bi. Stallard. Leo jua kali. Muulize mzee anataka maji mengi au kidogo."

"Mzee anasema usimzamishe."

"Na wewe je, unasemaje?"

"Mimi nasema umwagilie maji, uache maneno."

"Basi nivalie lile koti jekundu, nikuone ukiwa mbali."

"Sina koti lingine, Lyndon."

"Sikulalamika, mpenzi."

Alikata simu akabaki anajichekea jikoni, mwanamke mzima wa miaka hamsini na tisa, mikono ina unga. Siku hiyo alipaka rangi ya mdomo, akaifuta, akapaka tena. Kanisani Jumapili alimwomba Mungu amwonyeshe kama ni vibaya, na alipotoka nje hakuona ishara yoyote ila Lyndon amesimama getini, amechana nywele, kashika maua ya bustani yaliyofungwa kwa waya wa pikipiki.

Tangazo lilikuja mwisho wa kiangazi. Mwenye ardhi ameuza, zitajengwa nyumba. Washabiki waliandamana na mabango, wakapiga picha, wakarudi nyumbani. Usiku wa mbio za mwisho watu walifurika hata wale ambao hawakuwa wameonekana tangu ujana wao. Waliimba, walilia, wakang'oa mbao za viti kwa ukumbusho.

"Hawa wangekuja hivi kila wiki," Lyndon alimnong'oneza Noreen, "mwenye ardhi asingepata nafasi ya kutuuza."

"Wale vijana wetu watakwenda wapi?"

"Wanaojua sana watakwenda Poland, kule bado uwanja unajaa. Wengine wataendesha malori." Aliisugua kofia yake. "Na wewe usijali. Mashine hazianzi mpaka Novemba. Tutamfikiria Ivor pamoja."

Noreen akatulia. Akapanda treni kwenda Wales kwa dada yake aliyekuwa amevunjika nyonga, na kwa haraka zake akaisahau simu juu ya friji. Aliporudi ilikuwa na simu za Lyndon nyingi ambazo hazikupokelewa. Alitabasamu akidhani ni za mapenzi. Kabla ya kumpigia alichukua kopo la biskuti na kijiko cha bustani, akaenda uwanjani kuchota kidogo cha Ivor, akiweke salama.

Uzio ulikuwa chini. Mashine za njano zilikuwa zimelala katikati ya nyasi, wiki mbili kabla ya ahadi. Lakini njia yenyewe ilikuwepo bado, nyekundu, yote nzima, isipokuwa mahali pamoja. Kona ya pili ilikuwa shimo. Ilichimbwa mpaka kwenye udongo wa mfinyanzi, na maji ya mvua yametuama.

"Ni yule kilema wa trekta," mlinzi alimwambia. "Alikuja na lori Jumatano, kabla hawa hawajaanza. Kapeleka Marwick. Si wanampa kazi kule? Nadhani kawauzia."

Marwick! Noreen alisimama na kopo lake. Hakulia. Alisubiri mpaka amefika nyumbani, amevua koti, amelitundika, ndipo akapiga.

"Noreen! Mpenzi wangu, hatimaye, nilikuwa—"

"Umempeleka mume wangu Marwick?"

"Ndiyo, lakini si uliambiwa?"

"Niliambiwa, na mlinzi! Nimesimama kwenye shimo na kopo la biskuti kama mwendawazimu. Ulitaka kumwondoa katikati yetu, si ungesema? Mimi ningekuelewa hata kama ningekukatalia."

"Noreen, nisikilize—"

"Trekta lako sikuwahi kuligusa, Lyndon. Na wewe usingegusa changu bila kuniuliza. Usinipigie tena."

Hakupiga. Hilo ndilo lililomuuma Noreen kuliko shimo. Aliapa hamtaki, kisha kila simu ilipolia alikwenda mbio na mikono yenye sabuni. Majira ya baridi yalipita hivyo. Bi. Tugwell alikuja kila Alhamisi jioni na kazi yake ya kufuma, wakatazama televisheni pamoja, na Bi. Tugwell alionekana mwenye raha kuliko alivyokuwa miaka mingi. Mara moja tu alianza, "Noreen, unajua, yule bwana wako alipopita hapa..." halafu akahesabu vishono vyake, akasema ameshasahau alichotaka kusema.

Ijumaa Kuu, baada ya ibada, Noreen alivaa koti jekundu. Siku hiyo msimu mpya ulifunguliwa, kama kila mwaka, ila sasa ni Marwick peke yao katika wilaya nzima. Katika mfuko wa kulia alitia kopo la biskuti. Alikuwa amekata shauri: atamwambia yule mtu amwonyeshe changarawe ile imetupwa wapi, atachota, ataondoka. Ivor hatalala kwa mahasimu.

Uwanja wa Marwick ulikuwa mdogo, jukwaa la bati limeshika kutu. Lakini pale uzioni aliona kofia na skafu za Vipanga zimechanganyika na za Marwick, watu waliotukanana maisha yao yote sasa wakigawana chipsi.

"Karibu, Bi. Stallard," mzee mmoja wa Marwick alimsogezea kiti. "Tulikuwa tunawachukia sana. Sasa bila nyinyi hatujai hata nusu."

"Na mwaka kesho?"

"Mwaka kesho Mungu anajua. Leo tupo."

Trekta likatoka. Noreen alilijua mlio wake kabla hajaliona. Lyndon alikuwa amekonda, ndevu amezisahau. Lilipita mstari wa kuanzia, likapita kona ya kwanza, akiwa ameukaza uso mbele kama mtu asiyetaka kuongea na yeyote.

Lilipofika kona ya pili, Lyndon alivua kofia.

Aliishikilia kifuani mpaka kona ikaisha, akaivaa. Hakuna hata mmoja pale aliyejua kwa nini. Hakuwa anaonyesha mtu. Noreen alishika uzio kwa mikono miwili. Kona ya pili. Hakuitupa changarawe ile popote ilipoangukia, wala hakuichanganya. Alikuwa amemchukua Ivor kutoka kona ya pili kule, akamlaza kona ya pili hapa.

Trekta lilizunguka tena. Noreen alikwisha kufika penye kona, akisukuma watu.

"Polepole hapo!" alipiga kelele. "Mume wangu yumo!"

Safari hii Lyndon hakuchungulia chini ya magurudumu. Alizima injini, akateremka, akasimama upande wa pili wa uzio na kofia yake mkononi.

"Yumo," alisema. "Mzima mzima. Nilipiga koleo mwenyewe, sikumwachia mtu wa mashine. Waliwahisha tarehe ya kuanza, Noreen. Nilikuja kwako nikakupigia, nikasikia simu inalia ndani ya nyumba. Nikamwachia Bi. Tugwell ujumbe: wanaanza kazi Alhamisi, naomba ruhusa nimhamishe Ivor, kama hutaki unipigie. Hukupiga. Nikadhani umekubali. Halafu ulipofoka nikadhani umeambiwa, ukaona, ukajuta. Nikaona aibu."

"Avis hakuniambia kitu."

"Hakukwambia?"

"Miezi yote hii amekaa kwenye kiti changu anafuma, hakuniambia."

Spika ikalia kumtaka mtunza uwanja aondoe trekta, mbio zinachelewa. Lyndon hakusogea. Mtu akapiga mluzi.

"Nina neno la kukuuliza," alisema, masikio yamemwiva, "na nilitaka nikuulize mbele yake, nisionekane ninamzunguka. Noreen, unaonaje tukioana?"

Chipsi za wazee wa viti vya kukunja zilisimama hewani.

"Ondoa trekta," Noreen alisema. "Nitakujibu nyumbani, tukishanywa chai. Na unyoe."

Jioni hiyo walikuwa wamekaa jikoni kwa Noreen, buli katikati, Lyndon amenyoa kwa wembe wa kuazima na kujikata kidevu, jibu bado halijatoka. Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Ni Bi. Tugwell na pai ya samaki ya Ijumaa Kuu. Alimwona Lyndon, akasita kizingitini.

"Kaa, Avis," Noreen alisema. "Kwa nini hukuniambia?"

Bi. Tugwell hakukaa. Aliiweka pai mezani, akanyoosha kitambaa kilichoifunika, akakinyoosha tena.

"Nilitaka Ivor akutoke moyoni, upumzike," alisema. "Nilisema moyoni, uwanja ukienda, na yeye ataenda, yatakwisha. Halafu..." Alivuta kiti, hakukikalia. "Halafu Alhamisi zikawa zetu. Tangu mume wangu Bernard aniache sikuwa na Alhamisi ya mtu yeyote. Kila wiki nilisema nitakwambia wiki ijayo."

Noreen alikuwa na hasira, tena nyingi, na alijua atakaa nazo siku kadhaa kabla hazijapoa. Lakini pia alikuwa amesimama kwenye kona ile miaka yote akijua nani anamngoja nyumbani. Hakuna.

"Sasa utaacha?" Bi. Tugwell aliuliza kwa sauti ndogo, kana kwamba bado wako uzioni na vibanio vya nguo. "Au utaendelea kwenda kumtazama akikanyagwa?"

"Nitaendelea," Noreen alisema. "Kila Alhamisi, maadamu Marwick wapo. Ila sasa nitakuwa nakwenda na mume wangu."

Kikombe cha Lyndon kiligonga kisahani, chai ikamwagika kwenye suruali yake safi, wala hakuhisi.

"Noreen," alisema. "Ndiyo hiyo? Hilo ndilo jibu?"

"Futa suruali, mpenzi."

Aliinuka, akaenda kwenye kulabu nyuma ya mlango, akaishusha skafu ya Ivor, nyekundu na nyeupe, iliyopauka kwa mvua za viwanja vyote alivyokwenda. Akaiweka mezani, kando ya pai, upande wa Bi. Tugwell.

"Kule kuna upepo," alisema. "Na gari la Lyndon lina viti vitatu."

Bi. Tugwell aliitazama ile skafu muda mrefu. Aliichukua, akaikunja mara mbili kifuani, akatoka nayo.