Kifua cha Chiriku

Nyumba ya fundi cherehani ilijulikana mtaani kwa mambo mawili: mlio wa cherehani na mdomo wa binti yake. Cherehani ilinyamaza wakati wa kula. Binti hakunyamaza hata hapo. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Chiriku, jina la yule ndege mwenye kelele, na mwenyewe aliitika bila kinyongo.

Chiriku alikuwa na pumu tangu utotoni. Nyumbani walisema tu "kifua cha Chiriku", na kila mtu alijua la kufanya. Baba alishonea barazani ili vumbi la vitambaa lisijae ndani. Mama, ambaye alikuwa msusi, aliwasha jiko la mkaa nje, mbali na dirisha. Mashuka yalianikwa juani. Na dawa ya kuvuta, ile ya kichupa cha kubonyeza mdomoni, ilikaa mezani karibu na redio, mahali ambapo hata mgeni angeiona. Kifua kikibana, Chiriku alivuta dawa, akakaa wima, akapumzika. Kisha aliendelea na maneno yake pale alipoyaachia.

Mwaka huo alifanya mtihani wa kuingia shule moja ya bweni ya binafsi, akafaulu. Shule ilikuwa na maabara, na Chiriku alitaka sayansi kuliko kitu chochote duniani. Aliizungumzia asubuhi mpaka jioni, hata wateja waliokuja kupunguziwa suruali wakaijua ratiba yake ya masomo. Lilibaki jambo moja tu: wazazi na mtoto kwenda kuzungumza na mwalimu mkuu.

Siku chache kabla ya safari, shangazi alikuja. Huyu alikuwa dada yake baba, na alikuwa mtaalamu wa kila jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Wifi," alimwambia mama, "mkifika huko, habari ya kifua msiitaje."

"Kwa nini?"

"Shule za bweni hazitaki mtoto mgonjwa. Wakisikia pumu, watawashukuru kwa kuja, halafu watawaonyesha mlango."

"Na akibanwa akiwa huko?"

"Si ana dawa yake? Mtoto mkubwa huyu. Halafu wenzake wakijua watamtenga. Watasema atawaambukiza."

Pumu haiambukizi, na mama alilijua hilo vizuri. Lakini hofu ikishaingia nyumbani, huwa haiulizi unajua nini. Alimtazama mumewe.

"Asemayo dada ni kweli," alisema baba. "Mtoto amehangaika sana kuipata nafasi hii. Tusimharibie."

Kila mtu katika chumba kile aliijua methali ya mficha maradhi kifo humuumbua. Siku hiyo hakuna aliyeisema. Labda waliimeza pamoja na chai.

Mwalimu mkuu alikuwa mwanamke mpole, mwenye miwani iliyoning'inia shingoni. Alimuuliza Chiriku kwa nini anapenda sayansi. Jibu lilikuwa refu kiasi kwamba baba alimgusa mguu chini ya meza. Mwalimu mkuu alicheka. Kisha akawageukia wazazi.

"Kuna jambo lolote la afya ya binti tunalopaswa kulijua?"

Baba alitazama viatu vyake. Chiriku alifumba mdomo.

"Hakuna, mwalimu," alisema mama. "Ni mzima kabisa."

Matroni, yaani mlezi wa bweni, aliwatembeza. Waliona vitanda vya ghorofa vilivyopangwa kwa mistari, mabafu, bwalo na uwanja. Mama alikuwa na maswali mengi moyoni. Bweni linafagiliwa vipi? Usiku mtoto akiugua anamwita nani? Zahanati ya shule hufungwa saa ngapi? Hakuliuliza hata moja. Aliogopa kwamba swali moja litaitoa siri. Kwa hiyo walipita mbele ya zahanati, yeye akausifu ua wa maua.

Mimi simlaumu sana. Mzazi akiona mlango umefunguka kidogo, hutembea kwa ncha za vidole usije ukafungwa.

Nyumbani baba alitafuta njia ya kujituliza, na fundi hujituliza kwa sindano. Alichukua sketi mbili za sare, akashona mfuko wa siri ndani ya mkanda wa kila moja. Alifanya kazi safi. Ungeigeuza sketi nje ndani usiuone.

"Dawa yako itakaa humu," alimwambia Chiriku. "Ukibanwa, nenda chooni, uvute, urudi. Hakuna atakayejua."

"Sawa, baba."

"Unaona mshono ulivyolala?"

"Nimeuona, baba. Yaani, sijauona." Wakacheka wote wawili.

Maisha ya bweni yalianza kwa kengele. Kengele ya kuamka, ya kuoga, ya kifungua kinywa, ya masomo. Chiriku alijifunza kutandika kitanda kikanyooka, kupanga foleni na ndoo yake, na kufua soksi kabla hazijalalamikiwa. Alipenda maabara kuliko alivyotarajia. Alimpenda pia msichana aliyelala kitanda cha chini yake. Huyo alikuwa mrefu mpaka miguu ikatokeza nje ya kitanda, na wenzake wakamwita Twiga.

Lakini kila siku alikuwa na kazi ya pili, nayo ilikuwa kuficha. Zamu yake ya kufagia ilipofika, alifagia amebana pumzi. Kwenye michezo alijifanya mguu unamuuma, na mwalimu wa michezo akamwita mvivu. Kucheka sana kulimletea kikohozi, kwa hiyo aliacha kucheka. Kusema sana kulimmalizia pumzi, kwa hiyo alisema kidogo. Shuleni kule hakuna aliyejua kwa nini msichana huyu mkimya anaitwa Chiriku.

"Una nini wewe?" Twiga alimuuliza mara nyingi.

"Sina kitu."

Jumamosi moja ilikuwa siku ya usafi mkuu. Magodoro yalitolewa nje yakapigwa kwa fimbo. Nguo zilizoning'inia kwenye misumari zilitolewa pia, zikarundikwa juu ya nyasi. Wasichana wote walivaa nguo za michezo ili wasichafue sare. Chiriku naye alivaa za michezo. Nguo hizo zilitolewa na shule, na baba hakuwahi kuzigusa kwa sindano yake. Dawa ilibaki kwenye mfuko wa siri wa sketi, na sketi ikawa chini ya rundo.

Vumbi la magodoro lilipanda kama moshi. Chiriku alianza kukohoa. Akasogea pembeni, akakohoa tena. Kifua kikalia. Kila pumzi ikawa fupi kuliko ile iliyotangulia. Alimshika Twiga mkono.

"Sketi," alisema. "Sketi yangu. Dawa."

Twiga alikimbilia kwenye rundo. Alizitupa sketi huku na huku mpaka akaipata yenye alama ya Chiriku. Akaikung'uta. Akapapasa mifuko. Akaigeuza nje ndani. Mkanda hakuupapasa, na mfuko wa siri hakuuona, kwa sababu baba yake Chiriku alikuwa fundi hodari.

"Hamna dawa humu!" alipiga kelele huku analia.

Wengine walifanya walichokifikiri ni msaada. Walimlaza Chiriku chali. Wakamzunguka wote, wakimpepea na kumwita. Mmoja alimmwagia maji usoni. Akiwa amelala, Chiriku aliona hewa inazidi kumkimbia. Aliogopa kufa.

Matroni alikuwa amemwita muuguzi wa shule, naye akaja mbio na mkoba wake.

"Mpisheni! Rudini nyuma wote!" Alimkalisha Chiriku wima, akamwinamisha mbele kidogo, akamlegeza kola. Akasikiliza kifua. "Una pumu, mwanangu?"

Chiriku akatikisa kichwa. Hapana.

Fikiria hilo. Mtoto hana pumzi, na bado analinda siri ya nyumbani. Mbele ya macho yake aliuona mlango wa shule ukifungwa, na maabara ikibaki upande wa pili.

Muuguzi alipiga magoti, akasema polepole, "Sikuulizi ili nikufukuze. Nakuuliza ili nijue nikupe dawa gani. Una pumu?"

Chiriku akainamisha kichwa. Ndiyo.

Muuguzi alikuwa na dawa ya kuvuta mkobani, pamoja na kibomba kipana cha plastiki kinachosaidia dawa ifike kifuani. Alimpa. Wakasubiri. Akampa tena. Gari la shule lilikuwa limeshawashwa, likisubiri kumpeleka hospitali. Taratibu, kifua kikaanza kufunguka. Hata hivyo alipelekwa, ili daktari amwone, na jioni akarudishwa akiwa hoi lakini anapumua.

Kesho yake wazazi waliitwa. Waliingia ofisini kwa mwalimu mkuu wakiwa wameshajihukumu. Baba alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili.

"Mwalimu, tumekuja kumchukua," alisema. "Tunaomba radhi."

"Kumchukua mwende wapi?" aliuliza mwalimu mkuu. "Kaeni kwanza."

Muuguzi alikuwepo. Hakuwagombeza. "Katika shule hii mna watoto wengine wenye pumu," alisema. "Siwataji, hiyo ni siri yao. Lakini wote nawajua, na wanacheza, na wanasoma."

"Tuliogopa mngemkataa," alisema mama.

"Zipo shule ambazo hazina muuguzi, haziwezi kumtunza," mwalimu mkuu alijibu. "Hilo ni afadhali mlijue mapema, mtafute kwingine, kuliko kulijua mtoto akiwa kwenye nyasi hana pumzi. Nanyi mlikuwa na haki ya kutuuliza sisi tuna nini. Siku ile mliyokuja, mama, hukuniuliza swali hata moja."

Mama alianza kulia. "Nilikuwa nayo mengi."

"Basi leo uliza," alisema muuguzi. "Lakini kwanza nijibu langu. Kabla ya kubanwa, anakuwaje?"

Mama alipangusa macho. "Anajikuna kidevu."

"Kidevu?"

"Hapa chini. Akijikuna sana, najua kifua kiko njiani. Halafu anakuwa mkimya. Ukimwona Chiriku mkimya, tafuta dawa."

Muuguzi na mwalimu mkuu wakatazamana. "Mama," alisema muuguzi, "amekaa kimya muhula mzima. Sisi tukadhani ni adabu."

Baba alifunika uso kwa kofia yake.

Walizungumza asubuhi yote. Mama alieleza kinachomchokoza mtoto: vumbi, moshi, baridi ya alfajiri, mafua. Muuguzi alieleza kwamba dawa ile ni ya kutuliza mtu akishabanwa. Mtoto anayebanwa mara kwa mara lazima amrudie daktari, kwa sababu huenda akahitaji pia dawa ya kuzuia, ya kuvuta kila siku hata akijisikia vizuri. Walikubaliana kwamba kichupa kimoja atakaa nacho mwenyewe popote aendapo, hata uwanjani, na kingine kitakaa zahanati. Matroni alisema Chiriku hatafagia tena. Atafuta madirisha kwa kitambaa kibichi. Na bweni litanyunyiziwa maji kabla ya kufagiliwa, maana vumbi halimfai mtu yeyote.

"Na wenzake?" aliuliza baba. "Watamtenga?"

"Tumuulize mwenyewe kama anataka wajue," alisema muuguzi.

Chiriku alitaka. Jioni muuguzi alikwenda bwenini, akawaambia wasichana wote kwamba pumu haiambukizi, si uvivu na si laana. Kisha akawafundisha. Aliyebanwa asilazwe. Akae wima, alegezewe nguo, avute dawa yake papo hapo. Msimzunguke. Mmoja abaki naye, mwingine aje mbio kuniita. Asipopata nafuu upesi ni hospitali, hakuna kusubiri.

"Na mimi niliyemmwagia maji?" aliuliza msichana mmoja.

"Wewe uliniosha tu," alisema Chiriku, na bweni zima likacheka. Yeye mwenyewe alicheka mpaka akakohoa. Twiga akaruka kutafuta kichupa kabla hata hajaombwa.

Miezi ilipita. Chiriku alibanwa mara mbili tu, na mara zote mbili wenzake walijua la kufanya. Mara ya pili ilikuwa katikati ya somo la maabara. Alivuta dawa, akakaa wima, akapumzika, akamalizia jaribio lake. Mwalimu wa michezo alimwomba msamaha, akamfundisha kukimbia kwa kuanza polepole, dawa ikiwa mfukoni. Nyumbani mama aliwasimulia wateja wake habari hizi huku anasuka, kwa sauti, bila kumficha mtu. Shangazi alisema alijua tangu mwanzo kwamba mambo yatakuwa sawa.

Kulikuwa na msichana mwingine bwenini, mdogo, aliyelala pembeni kabisa karibu na mlango. Kila alfajiri aliamka kabla ya kengele, na kila siku shuka lake lilikuwa kambani, bichi. Chiriku aliliona shuka lile, na pamoja na mdomo wake wote, hakusema kitu kwa mtu yeyote. Jioni moja msichana yule alimfuata alipokuwa anafuta madirisha.

"Dada," alisema, "ulipomwambia muuguzi ukweli, alikucheka?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Aliuliza tu kifua kinaanza lini kubana na kinakuwaje."

Msichana alisimama akizungusha kifungo cha sweta yake. "Na mama yangu alisema nisimwambie mtu."

"Mama yangu pia alisema hivyo," alisema Chiriku. Alikiweka chini kile kitambaa. "Muuguzi bado yupo, taa yake inawaka. Twende, nitakusindikiza. Nitakaa nje kwenye benchi, na mlango ukishafungwa mimi sisikii kitu."