Ndege ya Viti Vinne

Jumatatu ile ilianza kama Jumatatu yoyote pale kota za wafanyakazi wa reli, Nakuru. Maji yalikuwa yamepotea, kuku wa jirani walikuwa wameingia kwenye sukuma wiki ya mtu, na Makhanu alikuwa ameketi nje ya mlango wake akilamba brashi.

Wacha nianze na hiyo brashi, maana kila kitu kilitokea hapo. Makhanu alikuwa fundi wa ndege ndogo za mbao, na si hizi ndege unazozijua. Hakuiga ndege ya mtu. Zake zilikuwa za kubuni: moja ina mabawa matatu upande mmoja, nyingine ina mdomo wa korongo, nyingine inaruka kinyumenyume. Alizichonga, akazivika karatasi nyembamba, akazipima kwa kuzisimamisha juu ya ncha za vidole viwili, na pua ikiwa nyepesi alitia ndani yake kipande cha risasi, hii ya uzito wanayofunga wavuvi kwenye nyavu, ili isianguke kwa mkia. Zilining'inia kwa vinyozi na mahotelini kutoka hapa hadi Salgaa. Na kila alipotaka kupaka gundi mahali padogo, aliipeleka brashi mdomoni, akaichonga ncha kwa ulimi, akachovya, akapaka, akairudisha mdomoni tena. Ptuu! Mimi ni jirani yake, na nilikuwa siwezi kunywa chai nikimtazama.

"Baba Vale, hiyo tabia ni ya mbuzi," mkewe Jemutai alikuwa akimwambia. "Unakula gundi."

"Gundi ya unga haijaua mtu, Mama Vale."

Jemutai alikuwa gadi wa treni za mizigo, na mwezi ule alikuwa na kazi iliyomnyima usingizi. Hospitali moja huko magharibi ilikuwa na mashine kuukuu ya kutibu saratani, na ndani ya mashine hiyo kipande cha madini ya nyuklia kisichozidi kidole. Kilitakiwa kurudishwa ng'ambo kilikotoka. Barabara ilikataliwa, kwani nani mwenye akili atapitisha kitu kama hicho kwenye mteremko wa Salgaa, mahali malori yanapoteza breki kila kukicha? Ikaamuliwa kije kwa reli, kutoka Eldoret hadi Nakuru, ndani ya mtungi mnene wa chuma na risasi, polepole, kukiwa na behewa tupu mbele yake na jingine tupu nyuma, ili likitokea la kutokea, ligonge utupu kwanza. Jemutai ndiye angekaa karibu na mtungi, akiwa na mita ya kupima mionzi, ile inayolia tik-tik. Mtungi ukipasuka, yeye ndiye wa kwanza kuungua, na haungui ngozi tu, anaungua mpaka ndani ya mifupa. Siku na njia vilikuwa siri. Hata mumewe alimwambia nusunusu.

Basi Jumatatu hiyo hiyo akaja mzee mmoja aliyeitwa Nicodemus. Shati jeupe, viatu vinang'aa, na leso safi aliyojifutia vidole baada ya kugusa lango letu. Ukimtazama unasema huyu ni mweka hazina wa kanisa. Alisimama akazitazama ndege zilizotundikwa kwa muda mrefu sana, na machozi yakamlengalenga.

"Ni nzuri, fundi. Lakini zimekosa kitu kimoja."

"Kitu gani, mzee?"

"Abiria."

Alitaka ndege ya kubuni. Isiwe na magurudumu wala mlango. Iwe na viti vinne vinavyotazama nyuma. Tumboni iwe na nafasi ya mzigo, na hapo akatoa mfukoni kigogo kilichochongwa, ukubwa wa kizibo cha chupa, mviringo, chenye mbavu pembeni na masikio mawili juu. Nafasi ikitoshe hicho, akasema, isilegee hata kidogo. Ngozi ya kuvika mabawa angeleta mwenyewe, na gundi pia.

Ungekataa? Mimi ningekataa, lakini mimi si Makhanu. Watoto ndio waliomsifu maisha yake yote. Wakubwa walimuuliza tu ataanza kazi lini. Sasa hapa kulikuwa na mtu mzima, mwenye adabu zake, anayetokwa na machozi kwa sababu ya mbao. Makhanu alikubali hata kabla hajauliza bei.

Vifaa vililetwa siku iliyofuata, ndani ya gazeti na mkebe wa majarini. Gundi ilikuwa ya manjano, imeganda juu kama mchuzi wa jana, na kila alipogusa mkebe aliukuta una joto, hata asubuhi na mapema. Ndani yake mlikuwa na nywele. Zilikuwa ndefu kiasi, zimejisokota. Ilinuka kwapa, ikanuka kidonda kilichofungwa bandeji wiki nzima. Makhanu alikunja uso, akachovya brashi, akapaka kiungo cha kwanza. Halafu, kwa mazoea tu, mkono ukaipeleka brashi mdomoni.

Ilikuwa na chumvi, na mafuta. Kilichomtapisha ni ule utamu uliokuja mwisho.

Alikimbia nyuma ya nyumba, akatapika chai na mandazi, akasukutua kwa maji ya chumvi mpaka ufizi ukamuuma. Akarudi, akaketi, akashika kazi. Na mkono ule ule, bila kumuuliza, ukairudisha brashi mdomoni. Mazoea ni kitu kibaya, jamani. Siku zilivyosonga aliacha kutapika. Ila alianza kuhisi unywele mmoja nyuma ya ulimi, mahali kidole hakifiki. Alikohoa, akakwangua, akameza ugali mkavu. Unywele ukakaa pale pale.

Ngozi nayo. Ilikuwa laini, nyembamba, na ukiinyoosha dhidi ya mwanga unaona vitundu vya vinyweleo. Kwenye bawa la kushoto ilikuwa na kovu dogo la mviringo. Wewe unalo kama hilo mkononi, na mimi ninalo, la chanjo ya utotoni. Makhanu alijiambia hiyo ni ngozi ya mbuzi. Alijiambia hivyo huku akijua kabisa kwamba mbuzi hachanjwi mkononi.

Ijumaa jioni Jemutai alikuwa anafunga begi aende Eldoret. Akapita mezani kuchukua koti, akasimama.

"Hii umetoa wapi?"

Alikuwa ameshika kile kigogo.

"Ni cha mteja. Kipimo cha mzigo."

"Baba Vale." Sauti ilishuka. "Huu ni mtungi wetu. Hizi mbavu, haya masikio, mpaka hii alama ya kifuniko. Hata madereva hawajaonyeshwa."

Makhanu alitazama tumbo la ndege. Nafasi aliyoichonga kwa mikono yake ilikuwa imekaa tayari, imelainishwa, inangoja.

"Usiende," akamwambia.

"Niseme nini? Nimwambie bosi kuna ndege ya mbao inataka kuiba mzigo? Si watanipima akili!" Akavaa koti. Akakosea vifungo. "Niko na mtoto wa kusomesha na mzigo wa kufikisha. Hicho kitu kichome. Leo."

Alipoondoka, Makhanu aliiweka ndege juu ya jiko la makaa. Haikuwaka. Mabawa yalitoa jasho tu. Matone ya mafuta yakadondoka kwenye makaa, chaaa, na harufu ya nyama choma ikapanda, nzuri kabisa, mpaka mbwa wa kota nzima wakaja kukaa mbele ya mlango wakidondosha mate. Makhanu mwenyewe alijikuta mate yamemjaa. Aliitoa ndege motoni na kujipiga kofi la mdomo.

Asubuhi alisikia kikohozi cha adabu langoni.

Hakuwa na pa kuificha, wala pa kukimbilia. Alikuwa na dakika moja na kidole gumba. Aliingiza kucha kwenye pua ya ndege, akachomoa kipande cha risasi, akakitia mfukoni. Pua ikawa tupu. Ndege yoyote ya namna hiyo, iwe ya mtoto au ya shetani, lazima ianguke kwa mkia.

Nicodemus aliipokea kwa mikono miwili, kama anayepewa mtoto mchanga.

"Umeipima?"

"Nimeipima."

"Hakuna shida?"

"Hakuna, mzee."

Nicodemus alitelezesha kidole kwenye kiungo cha bawa, mahali gundi haikuwa imekauka. Haikukauka kamwe, ile gundi. Akakilamba kidole. Polepole, mpaka kwenye kifundo. Kisha akajifuta kwa leso.

"Nimeambiwa hata wewe unalamba," alinong'ona. "Vizuri. Basi wewe ni wetu."

Akaenda zake.

Makhanu alikwenda stesheni kabla ya saa sita, akaketi nje ya uzio wa yadi. Hakula. Jemutai alikuwa hapatikani kwenye simu. Huko juu Molo, watu walisema, ukungu umeshuka mchana kweupe mpaka mashamba ya viazi hayaonekani. Makhanu alishika kile kipande cha risasi mfukoni, akakibana.

Simu ikalia.

"Baba Vale." Alikuwa ananong'ona. "Tumesimama. Hapa Molo."

"Uko sawa?"

"Kuna kitu kilipita juu yetu. Kilikuwa kinakuja moja kwa moja kwa mtungi. Halafu kikashuka mkia, kikaangukia behewa tupu. La mbele. Kishindo kama lori." Makhanu alimsikia akipumua. "Mtungi uko sawa. Mita imenyamaza. Lakini ndani ya behewa kuna mtu."

"Mtu gani?"

"Aki ya Mungu, usiniulize."

Treni iliingia Nakuru jua likiwa bado juu. Walinzi walikuwa wengi, mtungi ukakaguliwa, lakiri zote zikakutwa nzima. Dereva Kipkoech alishuka, akaenda moja kwa moja kwenye ukuta, akatapika. Katika ile vurugu Makhanu alipita langoni. Alitaka kumwona mkewe, hilo tu. Lakini kwanza alipita kando ya behewa tupu, na mlango ulikuwa wazi.

Nicodemus alikuwa sakafuni, uchi, amepakwa ile gundi ya manjano toka utosini hadi nyayoni. Alikuwa hai. Amekunjwa. Magoti yamefika masikioni, mgongo umepindwa umbo la kiti, viwiko vimeingia mbavuni mpaka ngozi imezibana, kama aliyekuwa amekaa kwenye kiti kidogo mno na sasa hakunjuki. Wauguzi wawili walijaribu kumnyoosha mguu. Kitu kikalia ndani ya nyonga, wakaacha. Ndege haikuonekana. Hapakuwa na mbao wala ngozi, hata kibanzi. Leso yake tu ndiyo ilikuwa pale, safi kabisa, imekunjwa vizuri.

Mzee alimwona Makhanu. Akatabasamu. Meno yalikuwa yamegandana kwa gundi, akayabandua taratibu ili aweze kusema.

"Wenzangu wamefika, fundi."

Makhanu alirudi nyuma, akajikwaa, akamkuta Jemutai. Walishikana. Mkewe alinuka moshi na ukungu, mzima, kila kidole mahali pake. Makhanu alilia kwa sauti, na hakuona aibu.

"Tumemaliza," Jemutai alisema. "Mzigo umefika. Twende nyumbani." Kisha akacheka kidogo, akajifuta macho. "Ngoja. Hata wewe lazima nikupime. Ni sheria, yeyote aliyekanyaga yadi."

Akaiwasha mita. Akaipitisha miguuni. Kimya. Tumboni, kimya. Mikononi, mikono iliyochonga ile takataka, kimya. Makhanu akaanza kuvuta pumzi.

Kifuani ikalia tik.

Shingoni ikalia tik, tik, tik.

Mdomoni ikapiga mlio mmoja usiokatika.

Jemutai aliipeleka kwenye mtungi, hatua chache kutoka hapo. Ikanyamaza. Akairudisha mdomoni kwa mumewe. Ikapiga mayowe. Watu wa yadi waligeuka.

"Fungua," alisema, naye hana damu usoni. "Fungua mdomo, Baba Vale."

Alifungua. Jemutai alimtundikia mita shingoni kwa mkanda wake, akaingiza vidole viwili mpaka Makhanu akakabwa, akaupata ule unywele nyuma ya ulimi, akauvuta. Ulikuwa mrefu. Ulikuja na makohozi ya manjano, ukaendelea kuja, na huko chini kooni Makhanu alihisi kitu kigumu kikigeuka, kikipanda, kikikwaruza. Kikatoka. Kikaanguka kwenye kiganja cha Jemutai, kimefungwa kwenye ncha ya unywele.

Kilikuwa kiti. Makhanu alikitambua, alikichonga mwenyewe, kimoja kati ya vile vinne, ukubwa wa punje ya hindi. Jemutai alikishika kwa ncha za vidole, akakiangusha chini upesi, akajipangusa kwenye koti, akajipangusa tena.

Kiti kilikuwa na joto, kama mtu ameinuka sasa hivi. Na mita, aliyoiacha ikining'inia kifuani kwa mumewe, ilikuwa bado inalia kwa ajili ya vile vitatu vilivyobaki ndani.