Panya Walioonja Dawa

Kizimba kilikuwa kimetoweka, na panya sita ndani yake. Kufuli la maabara ile ya Kibiti lilikuwa zima, halina hata mkwaruzo.

Inspekta Mashavu alishapeleleza wizi wa mikoko, wa ufuta na wa injini za boti. Wa panya ulikuwa mgeni kwake.

“Wana mionzi?” aliuliza.

“Bahati nzuri, hawana,” alijibu Daktari Dharmesh. “Tunapima sumu ya dawa mpya ya saratani, inayobeba mionzi. Wenzao tumewadunga dawa. Hao sita tuliwadunga maji ya chumvi tu, ili tuwalinganishe. Bila wao kazi yetu imeharibika.”

Mashavu aliinama kwenye rafu. Mwizi alibeba na chupa ya maji, na maranda ya kulalia. Huyu ana ufunguo, aliwaza, tena anawahurumia panya.

“Nani huwalisha?”

“Subira. Leo hakuja, mama yake anaumwa.”

Kizimba alikikuta nyumbani kwa Subira, kijijini Mahege, juu ya mkeka, kando ya kitanda cha mgonjwa. Bi Hadija, mama yake Subira, alikuwa akiwarushia panya punje za mchele. Maskini, alikonda akabaki macho.

“Umewachukua wewe?” Mashavu alimuuliza binti.

“Ndiyo, afande.”

“Kwa nini?”

Subira aliangua kilio. “Mama kaandikiwa mionzi Dar, kakataa. Kwetu anayeleta dawa huionja kwanza mbele ya mgonjwa. Kila daktari, mama humuuliza, ‘Nani kaionja?’ Mionzi mimi ningeionjaje? Nikachagua walionenepa, nikamwambia, hawa wameionja na ni wazima. Jana kakubali kwenda.”

Moyo ulimuuma Mashavu. Alitamani kunyamaza, lakini mgonjwa hadanganywi. Alichuchumaa kando ya kitanda.

“Shikamoo, mama. Panya hawa hawakuonja dawa. Walidungwa maji ya chumvi.”

Subira alijifunika uso kwa khanga.

Bi Hadija alicheka hadi kikohozi kikamshika. “Marahaba, mwanangu. Panya wenyewe mie sikuwaamini. Lakini huyu tangu nimzae hajaokota hata embe la mtu. Safari hii kaiba, kwa ajili yangu! Nikasema, basi, nikifa nitamuua na yeye. Kwenda nakwenda. Ila ukimfunga, nani atanipeleka?”

Mashavu alijifuta macho, akakibeba kizimba.

“Atakupeleka yeye,” alisema. “Kituoni atakuja mkirudi.”