Ukubwa wa Viatu Maktabani

Kila siku saa nne, kengele ya mapumziko ilipolia, msichana wa darasa la saba aliyepewa jina la utani Chapuchapu alikimbilia maktaba kuwasha kompyuta. Yeye ndiye aliyetengeneza hifadhidata ya shule, yaani orodha ya kompyuta inayoonyesha nani ameazima kitabu gani.

Siku hiyo foleni ilifika mlangoni, na haikusogea.

"Ukubwa wa viatu?" aling'aka mwanafunzi wa mbele. "Mimi nataka kitabu cha sayansi! Viatu vinahusu nini?"

"Jaza tu. Bila hivyo haiendi," Chapuchapu alimsihi, jasho likimtoka.

"Nimeshajaza wimbo ninaoupenda! Baki na kompyuta yako."

Akaondoka mikono mitupu, na wengine wakamfuata.

Mwalimu wa maktaba alivua miwani. Uvumilivu wake ulikuwa umekwisha tangu Jumatatu. "Viatu ni vya nini, mwanangu?"

"Mwalimu wa michezo aliomba."

"Na wimbo?"

"Wanakwaya. Kila aliyeomba nilimwekea. Niliona haya kukataa."

"Haya. Kitabu cha hesabu cha darasa la nane kinarudi lini?"

Chapuchapu alitafuta, akatafuta tena. Tarehe ya kurudisha haikuwamo kabisa. "Hakuna aliyeiomba," alisema kwa sauti ndogo.

"Lo! Viatu vya shule nzima unavijua, vitabu viko wapi hujui!" Mwalimu alishika kichwa. "Nikiona foleni hii tena kesho, narudi kwenye daftari langu."

Kazi ya miezi miwili ilikuwa inakwenda na maji. Chapuchapu alijikaza asilie. Baada ya masomo alibakiza mambo manne tu: jina, darasa, kitabu na tarehe ya kurudisha. Mengine aliyatenga pembeni, kila moja peke yake, ili anayelihitaji alifungue mwenyewe. Mwalimu wa michezo alipopata habari alinuna.

"Viatu vipo, mwalimu," Chapuchapu alimwambia. "Ila utavifungua wewe. Anayeazima kitabu hatasumbuliwa navyo."

Kesho yake foleni iliisha kabla ya kengele ya kurudi darasani. Mwalimu wa maktaba alivuta kiti, akaketi karibu naye.

"Uliwasikiliza waliopiga kelele," alisema. "Lakini kinachohitajiwa na wote mara nyingi hakina wa kukiombea. Anza na hicho. Vingine ni nyongeza, na kumwambia mtu hivyo si kumkosea adabu."