Upande wa Kijani wa Taa

Ilikuwa Ijumaa, tarehe tisa Agosti, saa kumi na mbili na robo jioni, mjane alipokwenda stesheni kuwasha taa ya marehemu mumewe.

Stesheni yenyewe ilibaki jina tu. Zamani ilikuwa na foleni dirishani pa tiketi, chumba cha mizigo, bomba la maji ya abiria, na mumewe akiongoza treni kwa taa ile: kioo cha kijani huku, chekundu huku. Siku hizi mabehewa ya mizigo hupita asubuhi, basi. Binti yao wa pekee ndiye aliyeachiwa funguo.

"Mama, geuza hiyo taa," binti alisema, akifagia jukwaa. "Kijani ni kumwambia dereva njia nyeupe, karibu. Unamkaribisha nani?"

"Nyekundu inanikumbusha damu ya baba yako pale relini. Niache."

"Haya. Ila baba akija, mwambie kachelewa. Kama kawaida yake."

Wakacheka. Kicheko cha kwanza tangu msiba.

Ndipo reli zikaanza kuimba...

Treni ilikuja giza tupu. Bila moshi, bila mngurumo. Ilileta harufu tu: grisi, na sabuni ile waliyomwoshea maiti.

Ikasimama. Mlango mmoja ukafunguka.

"Mwanangu," sauti ikanong'ona. "Njoo unipokee mzigo."

Sauti ya mumewe.

Binti akatupa ufagio, akakimbia kama mtoto mdogo. "Baba!"

Mlango ukajifunga.

Mjane akaigeuza taa. Nyekundu. Mbele ya nyekundu treni haiondoki. Hilo alilijua tangu aolewe. Na kweli, haikuondoka.

Binti akatokea dirishani, viganja vimebanwa kwenye kioo.

"Mama... huyu si baba. Amevaa nguo zake tu."

Mjane aliuvuta mlango mpaka kucha zikang'oka. Akaomba. Akalia. Mle ndani mayowe yakaanza, na kila yalipokatika, ile sauti ilisema kwa upole:

"Tupe njia, mke wangu. Tukiondoka, ataacha kuumia."

Akaikumbatia taa. Mafuta yalipungua. Mayowe hayakupungua.

"Mama," binti akasema mwishowe. "Geuza."

Akageuza.

Asubuhi wapakiaji wa mizigo walimkuta mjane peke yake jukwaani. Wakaapa hakuna treni iliyopita. Umande juu ya reli haukuwa umeguswa. Lakini ufagio ulikuwa chini. Na kioo cha kijani cha taa kilikuwa na alama za vidole.

Kwa ndani.

Taa ile haijawashwa tena. Reli bado huimba jioni. Zikianza, mjane hupiga magoti palepale alipo.

"Ee Mola, mrehemu mume wangu. Mrehemu binti yangu, umlaze mahali pema. Na yule aliyevaa nguo za baba yake... usimwachie mwanangu hata usiku mmoja. Amina."